Amenunua Nyumba au Amenunua Hisa? Fleti ya Ushirika ya Jackson Heights na Somo Lake kwa Mfasiri

Mwaka 2023 mhitimu mmoja wa idara yetu, ambaye siku hizi anafanya kazi ya uuguzi jijini New York, aliniletea kazi ndogo ya tafsiri. Alikuwa anataka kununua fleti ya chumba kimoja cha kulala katika mtaa wa Jackson Heights. Baba yake, anayeishi karibu na Mbale, alikuwa ameahidi kumchangia sehemu ya malipo ya awali kwa kuuza kipande cha shamba. Mzee huyo alifanya kazi ya reli kwa miaka mingi, na Kiswahili ndiyo lugha anayoisoma kwa raha. Kiingereza cha mikataba humchosha. Hivyo binti aliniomba nimfasirie kurasa tatu: tangazo la fleti, muhtasari wa masharti, na hesabu ya malipo ya kila mwezi.

Kazi hiyo niliifanya kwa jioni mbili nikaridhika nayo. Wiki moja baadaye mzee alinipigia simu.

“Mwalimu, nimezisoma karatasi zako mara tatu. Naomba uniambie jambo moja. Huyu mtoto ananunua nyumba au anapanga?”

Nikamjibu kwamba ananunua.

“Kama ananunua, kila mwezi anamlipa nani? Na hawa watu wa bodi wanaotaka kumhoji kabla hajaingia ni akina nani? Na hati iko wapi?”

Alikuwa amekwisha kusimamisha mauzo ya shamba. Aliamini kwamba binti yake ameangukia mikononi mwa matapeli, na kwamba mimi, kwa kujua au kwa kutojua, nimewasaidia. Nilipoisoma tena tafsiri yangu nikiwa nimevaa miwani ya mzee, niliona kwamba kila swali alilouliza lilikuwa na haki. Sarufi haikuwa na kosa. Lakini maneno niliyoyachagua yalimweleza kitu kingine kabisa. Makala haya yanakusudia kueleza fleti ya ushirika ni kitu gani, na kwa nini inamtega mfasiri wa Kiswahili.

MTAA WENYEWE

Jackson Heights ni mtaa ulio katika wilaya ya Queens, mojawapo ya wilaya tano za Jiji la New York. Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo hilo lilikuwa mashamba. Mwaka 1909 daraja la Queensboro lilifunguliwa na kuiunganisha Queens na kisiwa cha Manhattan, na kampuni iliyoitwa Queensboro Corporation, chini ya Edward MacDougall, ikaanza kununua ardhi hapo. Treni inayopita juu ya nguzo ilifika mwaka 1917. Tangu hapo mtu aliweza kufanya kazi katikati ya jiji na kulala mahali penye hewa na miti.

Kampuni hiyo ilijenga kwa mpango wa pekee. Badala ya kulijaza eneo zima kwa majengo, ilipanga majengo pembezoni mwa kitalu na kuacha bustani kubwa katikati, ambayo wakazi wote waliitumia. Majengo kama The Chateau na The Towers, yaliyojengwa katika miaka ya 1920, yanaonyesha mtindo huo hadi leo. Jambo la pili lilihusu umiliki. Fleti nyingi hazikupangishwa kwa njia ya kawaida bali ziliuzwa kwa mfumo wa ushirika.

Hapa mwalimu wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu. Neno “ushirika” limetujia likiwa na joto. Sisi tunalijua kutokana na vyama vya wakulima kama ule wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, au ule wa Bugisu, hapa kwetu, wa mwaka 1954. Tunalijua pia kutokana na siasa ya Ujamaa na hata kutokana na ibada za kanisani. Masikioni mwetu mshirika ni ndugu. Ushirika wa Jackson Heights, hata hivyo, ulianza kwa kuwafungia watu mlango. Kampuni iliwachagua wanunuzi wake, na Wayahudi na watu weusi hawakukubaliwa. Bustani ilikuwa ya wote walio ndani, na walioingia ndani walikuwa wa aina moja.

Hali hiyo ilibadilika polepole baada ya Vita Kuu ya Pili. Wayahudi waliingia. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliwafungulia mlango watu wa Asia na sehemu nyingine za dunia, na sheria ya haki katika makazi ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi, dini na asili katika kuuza na kupangisha nyumba. Leo ukitembea katika barabara ya Roosevelt utasikia Kihispania cha Kolombia, cha Ekwado na cha Meksiko. Ukikata kuingia Mtaa wa 74 utakuta maduka ya sari, dhahabu na viungo ya Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi, na karibu nayo mikahawa ya Wanepali na Watibeti. Filamu ya Frederick Wiseman ya mwaka 2015 iliyopewa jina la mtaa huo ilieneza idadi ya lugha 167. Hata tukiiacha idadi hiyo kando, ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kumpeleka mwanafunzi wa isimujamii.

Mwaka 1993 jiji lilitangaza sehemu kubwa ya mtaa huo kuwa eneo la kihistoria. Maana yake kisheria ni kwamba mwenye jengo habadilishi madirisha, milango ya nje wala sura ya ukuta bila idhini ya tume ya jiji inayohifadhi majengo ya kale. Sisi tuna mfano wa karibu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ambako pia mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi na kubomoa baraza lake.

Kwa sisi walimu wa lugha, mtaa huo una sifa moja zaidi. Ndiko alikoishi Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka katika miaka ya 1930, akabuni mchezo wa kupanga maneno unaojulikana duniani kote kama Scrabble. Kwenye kona ya barabara ya 35 na mtaa wa 81 kuna kibao ambacho herufi zake zimeandikwa pamoja na pointi zake. Pointi hizo zilikadiriwa kwa Kiingereza. K ina pointi 5, ilhali kwetu haipiti sentensi bila K. Darasa likipewa kazi ya kukadiria upya pointi kwa Kiswahili litajifunza mengi kuhusu muundo wa silabi zetu.

USHIRIKA HUU UNAFANYAJE KAZI

Sasa turudi kwenye maswali ya mzee.

Katika fleti ya ushirika ya New York, mnunuzi hanunui chumba. Jengo zima, pamoja na ardhi iliyo chini yake, ni mali ya kampuni moja. Mnunuzi hununua hisa za kampuni hiyo. Kwa kuwa ana hisa, kampuni humpa mkataba wa upangaji wa muda mrefu unaomruhusu kukaa katika fleti maalumu. Kwa hiyo mtu huyo ana vyeo viwili kwa wakati mmoja: ni mwanahisa wa kampuni inayomiliki jengo, na ni mpangaji wa kampuni hiyohiyo. Mzee alipouliza kama binti ananunua au anapanga, jibu sahihi lilikuwa: yote mawili.

Idadi ya hisa hutegemea fleti. Fleti kubwa, au iliyo juu yenye mwanga mzuri, hupewa hisa nyingi kuliko ndogo. Tuchukulie jengo lina hisa 10,000 na fleti ya chumba kimoja cha kulala ina hisa 100. Mwenye fleti hiyo atabeba sehemu 1 kati ya 100 ya gharama zote za jengo. Gharama hizo ni kodi ya majengo inayolipwa kwa jiji, mafuta au gesi ya kupasha joto wakati wa baridi, bima, mishahara ya wafanyakazi wa jengo, ukarabati, na mara nyingi marejesho ya mkopo ambao kampuni yenyewe iliuchukua kwa kuweka jengo rehani. Ndiyo malipo ya kila mwezi yaliyomshtua mzee. Hakuna mtu wa kati anayetia faida mfukoni. Wanahisa wanajilipia wenyewe gharama za mali yao.

Kwa nini bodi inamhoji mnunuzi? Kwa sababu jirani asipolipa, pengo lake linawaangukia wengine. Bodi, ambayo huchaguliwa na wanahisa kutoka miongoni mwao, hudai taarifa za mshahara, za benki na za kodi, pamoja na barua za watu wanaomfahamu mwombaji. Kisha humwita wamwone. Bodi inaweza kumkataa bila kutoa sababu, mradi isimkatae kwa sababu zilizokatazwa na sheria, kama vile rangi, dini au nchi alikotoka. Ni rahisi kuona ugumu uliomo. Asiyelazimika kutaja sababu anaweza kuficha ile iliyokatazwa. Historia niliyoieleza hapo juu haijafutika kabisa, na mwombaji mwenye jina la kigeni anayekwenda kuhojiwa anaijua.

Mwanahisa naye ana mipaka. Majengo mengi hayamruhusu kupangisha fleti yake kwa mtu mwingine ila kwa idhini ya bodi na kwa muda maalumu. Akitaka kuuza, mnunuzi wake naye lazima apitie bodi. Akishindwa kulipa ada ya mwezi, anaweza kuondolewa, na hisa zake zikauzwa kufidia deni.

Na hati? Hakuna hati ya ardhi kwa jina lake. Kuna cheti cha hisa na mkataba wa upangaji. Akiwa amekopa benki ili kununua, benki ndiyo hukaa na cheti hicho na mkataba huo mpaka deni liishe. Hii ndiyo sababu binti alipoambiwa na baba yake atume picha ya hati hakuwa na cha kutuma, na ukimya wake ukaonekana kama ushahidi.

Mzee alikuwa anapima jambo hili kwa kipimo cha nyumbani. Uganda ina sheria ya mwaka 2001 inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo na kupewa cheti cha sehemu hiyo. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2008, na Kenya ilitunga upya ya kwake mwaka 2020. Chini ya sheria hizo mwenye fleti anamiliki fleti yenyewe. Huo ni mfumo wa kondominiamu, ambao New York pia wanao. Ushirika ni mfumo mwingine, na tafsiri yangu haikuitofautisha mifumo hiyo miwili.

MANENO YALIYONIPONZA

Nitayataja kwa mpangilio, ili mwanafunzi asirudie makosa yangu.

1. Kununua nyumba. Niliandika kwamba binti “ananunua nyumba”. Ilifaa niandike kwamba “ananunua hisa zinazompa haki ya kukaa katika fleti”. Ni sentensi ndefu, lakini ni ya kweli. Tafsiri fupi inayodanganya haina faida kuliko ndefu inayoeleza.

2. Matengenezo. Ada ya mwezi, kwa Kiingereza cha New York, huitwa kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kama “matengenezo”. Nami nikaandika “ada ya matengenezo”. Mzee akajiuliza ni nyumba gani mbovu hivyo inayotengenezwa kila mwezi. Kwa kuwa ndani yake kuna kodi ya jiji, bima, mishahara na mkopo, “ada ya uendeshaji wa jengo” inakaribia zaidi maana yake.

3. Kodi. Kiswahili kinatumia neno moja kwa malipo ya serikali na malipo ya mwenye nyumba. Katika kurasa zangu tatu neno hilo lilitokea mara saba kwa maana zote mbili. Mfasiri aandike “kodi ya serikali” au “kodi ya jiji” upande mmoja, na “kodi ya pango” upande wa pili, na asichoke kurudia.

4. Chumba kimoja. Tangazo lilisema fleti ina chumba kimoja cha kulala. Mahali pamoja nilifupisha nikaandika “fleti ya chumba kimoja”. Mkazi wa Kampala akisoma hivyo anaona chumba kimoja cha kupanga kilicho katika safu, ambacho kwa Kiganda huitwa muzigo, na mwanafunzi asichanganye neno hilo na mzigo wetu wa kubeba. Fleti iliyokusudiwa ina sebule, jiko, bafu na choo chake, na chumba cha kulala kando. Dar es Salaam wangesema “chumba na sebule”, ingawa maneno hayo peke yake hayasemi kama jiko na choo viko ndani. Mzee alishindwa kuelewa kwa nini chumba kimoja kiuzwe kwa bei ya shamba zima.

5. Ghorofa ya nne. Wamarekani huanza kuhesabu kutoka chini: sakafu iliyo sawa na barabara ndiyo ya kwanza. Sisi, kwa desturi tuliyoipokea kutoka kwa Waingereza, huanza kuhesabu baada ya hiyo. Ghorofa yao ya nne ni ya tatu kwetu. Kwa mzee mwenye magoti mabovu anayetarajia kumtembelea binti yake, tofauti hiyo ina uzito.

6. Kabla ya vita. Tangazo lilisifu jengo kwa kuwa ni la “kabla ya vita”. Huko maana yake ni kabla ya Vita Kuu ya Pili, na ni sifa: kuta nene, dari za juu, sakafu za mbao. Nilifasiri neno kwa neno. Kwa msomaji wa Uganda vita ni vya 1979, au vile vilivyokwisha mwaka 1986. Kwa jirani yetu wa Kongo mashariki ni vya tangu 1996. Mzee aliuliza kama jengo lilipigwa mabomu.

7. Mtaa wenye watu wa aina nyingi. Hapa niliandika “mtaa wa mchanganyiko”. Neno hilo lafaa kwa saruji na kwa pilau. Ingetosha kusema “mtaa wanakoishi watu wa mataifa na lugha nyingi”.

Katika makosa hayo saba, hakuna hata moja ambalo kamusi ingeliona. Yote yanatokana na mfasiri kudhani kwamba msomaji wake anaijua nyumba anayosimuliwa.

NILIVYOMWELEZA MZEE

Nilimpigia simu jioni ya siku ya pili. Nilianza kwa kuomba radhi, maana nilikuwa nimemtia hofu mtu mzima kwa uzembe wangu. Kisha nikamwuliza kama aliwahi kuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa.

“Nilikuwa, na baba yangu kabla yangu.”

“Ghala la ushirika lilikuwa lako, Mzee?”

“La wote.”

“Lakini ulikuwa na hisa.”

“Nilikuwa nazo. Na karatasi yake ninayo mpaka leo.”

Nikamwambia kwamba binti yake anaingia katika ushirika wa jinsi hiyo, isipokuwa ghala lao ni jengo la kulala watu, na kila mwenye hisa amepewa kona yake kwa mkataba. Ada ya mwezi ni mchango wa kuendesha ghala. Bodi inayomhoji ni kamati ya wanachama wanaoogopa kumwingiza mtu atakayewaachia madeni. Karatasi yake ipo, lakini mpaka deni liishe inakaa benki.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na shahada yangu ya uzamili kutoka Dar es Salaam, sikuwa nimelifikiria: “Na hesabu za huo ushirika, ameziona? Maana wetu ulikuwa na hisa, ulikuwa na ghala, na siku moja tulikuta madeni.”

Lilikuwa swali la mtu aliyewahi kuumia. Katika fleti ya ushirika ndilo swali kubwa kuliko yote: jengo linadaiwa kiasi gani, lina akiba kiasi gani, na paa au boila ikiharibika nani atatoa fedha. Mnunuzi makini husoma hesabu za kampuni za miaka kadhaa kabla ya kutia saini, na wakili wake husoma kumbukumbu za mikutano ya bodi. Nilimpelekea binti swali hilo la baba yake. Alikuwa ameona rangi ya sakafu na umbali wa kituo cha treni. Hesabu hakuwa ameziomba. Alimwagiza wakili wake azitafute, akazisoma, kisha akaendelea na ununuzi. Shamba liliuzwa mwezi uliofuata.

Hivi ndivyo tafsiri iliyoeleweka ilivyosaidia. Mzee hakuhitaji kutulizwa. Alihitaji kuelewa, na alipoelewa alikuwa na jambo la kumfundisha binti yake ambalo wengine wote hatukuliona.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Chukua tangazo lolote la nyumba ya kupanga kutoka gazeti la Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Orodhesha maneno matano ambayo mkazi wa mji mwingine kati ya hiyo mitatu hatayaelewa, kisha yaeleze.

2. Fasiri kwa Kiswahili maelezo mafupi ya kondominiamu na ya fleti ya ushirika, kila moja kwa maneno yasiyozidi 60, bila kutumia neno “kununua” mahali ambapo si kweli.

3. Maneno “shirika”, “ushirika”, “mshirika” na “ushirikina” yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Jadilini katika vikundi jinsi maana zake zilivyoachana.

4. Msomee mtu mzima wa nyumbani kwenu tafsiri yako ya zoezi la pili. Andika kila swali atakalouliza. Maswali hayo yaletwe darasani pamoja na tafsiri, kwa kuwa yatasahihishwa na kupewa alama.